Nani alinyamaza saa ngapi? Kelele na kimya kwenye njia ya misafara, na watoto wetu leo

SEHEMU YA 1: SWALI LENYEWE



Wiki hii sitaongelea chanjo wala uji wa lishe. Maswali mengi yameingia kuhusu zile hoteli za ufukweni Zanzibar ambazo zinaandika wazi kwamba hazipokei watoto. Wengine wameona video za meli kubwa za kitalii zenye sitaha ya watu wazima tu, viti vya kulala vimepangwa, watu wamefumba macho, ukicheka kwa nguvu tu unageukiwa. Wapo mama waliokasirika: "Nesi, mtoto amekuwa takataka?" Na wapo waliosema ukweli wao: "Mimi mwenyewe natamani siku moja nilale pale nisisikie mtu ananiita mama."

Wote nawaelewa. Kabla hatujagombana naomba turudi nyuma kidogo, maana jambo hili la nani anyamaze na saa ngapi halikuanza na hoteli. Hapa kwetu Tabora watu walishalifikiria zaidi ya miaka 150 iliyopita, tena katika mazingira magumu kuliko ya hoteli yoyote.

Ukikaa Tabora unaishi juu ya njia ya zamani. Katika karne ya 19 eneo hili liliitwa Unyanyembe, na makazi ya wafanyabiashara wageni waliyaita Kazeh. Lilikuwa njia panda. Msafara unatoka pwani, Bagamoyo au Kaole, unapita Ugogo, unafika hapa. Kutoka hapa unachagua: magharibi uende Ujiji na Ziwa Tanganyika, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini-magharibi Katanga. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na waya wa shaba vilipanda bara.

Wabebaji wakubwa walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, begani au kichwani. Msafara ungeweza kuwa na watu mia kadhaa, na mingine ilipita elfu moja. Wanawake walikuwemo. Wengine walifuatana na waume zao, walipika, walibeba vyombo vya nyumbani, na mtoto yupo mgongoni.

Sasa fikiria watu 500 wamechoka, wanalala ndani ya uzio mmoja wa miiba. Kuna mgonjwa wa homa. Kuna mama ana kichanga. Kuna vijana wanataka ngoma. Walifanyaje mpaka wakalala, tena miezi kwa miezi?

Kesho nawaletea ratiba yao.

SEHEMU YA 2: JOGOO, BARAGUMU NA "LALA! LALA!"

Mengi kuhusu maisha ya kambini tunayapata kwa Richard Burton, Mwingereza aliyetoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 akiwa na mwenzake John Speke, akafika Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Zaidi ya miezi minne njiani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860. Niseme mapema: Burton alikuwa na dharau nyingi kwa Waafrika, na maneno yake mengine yanachefua. Maoni yake tumwachie. Tuchukue alichokisikia kwa masikio yake, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu.

Siku ya msafara ilianza na jogoo. Wapagazi walitembea na majogoo wao, wamewapakata juu ya fito za mizigo, wakapokezana kuwabeba. Kama saa 10 alfajiri jogoo anawika, na hapo ndipo kimya cha usiku kinavunjwa rasmi. Hiyo ndiyo saa yao ya ukutani.

Halafu anakuja kirangozi. Huyu ndiye kiongozi wa njia, anatangulia na bendera, na nyuma yake kuna ngoma. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Ukimtangulia unatozwa faini. Ngoma ikilia na baragumu la pembe likipulizwa, mizigo inapanda, watu wanatoka. Na njiani ni kelele mtindo mmoja: nyimbo, vijembe, kuitikiana, kuiga sauti za wanyama na ndege. Burton zilimuudhi. Lakini jiulize zilikuwa na kazi gani. Mstari wa watu ni mrefu porini, mtu wa nyuma hamuoni wa mbele. Ukisikia wimbo unajua wenzako wako wapi. Mnyama anasikia anakaa mbali. Mguu unaochoka unafuata mdundo. Hizo ni kelele zenye kazi.

Jua likianza kukaza, saa 4 au saa 5 asubuhi, mara nyingi safari ya siku hiyo imekwisha. Mizigo chini, vibanda, kuni, maji, chakula, kivuli. Jioni ngoma na kucheza, mambo yamechangamka. Kirangozi husimama na kutangaza: kesho tunasafiri, au kesho tunapumzika. Kila mtu analala akijua kesho kuna nini.

Na kama saa 2 usiku linapulizwa baragumu dogo, au mtu anapaza sauti kambi nzima: "Lala! Lala!" Burton anasema watu walitii bila kusukumwa, isipokuwa wanawake, ambao wakati mwingine waliendelea kuzungumza mpaka usiku mkubwa.

Mama, hapo ulicheka? Mimi nilicheka. Mchana kutwa mtu ametembea, amepika, amenyonyesha, ameteka maji. Watoto wakishalala na waume wakishaanza kukoroma, ndiyo saa yake ya kukaa na mwenzake. Burton aliona ni umbea. Mimi naona wanawake waliokuwa wanapumzika kwa njia pekee iliyokuwepo. Ni kama sisi tunaoshika simu saa 5 usiku wakati mwili unaomba kulala, kwa sababu hiyo nusu saa ni yetu peke yetu.

Kwa hiyo kambi ile haikuwa mahali pa kimya, na haikuwa mahali pa kelele. Palikuwa mahali pa saa. Kelele ina saa yake, kimya kina saa yake, na kinatangazwa kwa sauti ambayo hata mtoto wa miaka miwili anaielewa.

Jambo la kubeba leo: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa miezi 0 mpaka 3 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, wa mwaka 1 mpaka 2 saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13. Hizo zote ni pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto hajui saa, anajua dalili. Tengeneza "Lala! Lala!" ya nyumbani kwako: kuoga, kuzima televisheni, kupunguza taa, maneno yale yale kila siku. Baada ya wiki mbili tatu utaona mwili wake umeanza kufuata.

SEHEMU YA 3: BUNDUKI ZA KUINGILIA MJINI

Kuna dada ameandika kwenye maoni: "Kumbe wazee wetu walikuwa na nidhamu ya kimya." Dada yangu, ngoja kwanza. Walikuwa na nidhamu ya kelele pia.

Msafara ukikaribia mji mkubwa haukunyemelea. Watu walivaa nguo zao nzuri walizotunza safari nzima, bendera juu, baragumu, ngoma, na bunduki zinapigwa hewani. Burton anaeleza kuingia Kazeh hivyo hivyo, watu wamejipanga pembeni wanashangilia. Stanley naye alipokaribia Ujiji Novemba 1871 kumtafuta Livingstone, aliamuru bunduki zipigwe, na wenyeji wakamiminika kumpokea.

Kwa nini? Kwa sababu katika njia ile mgeni anayefika kimya ndiye wa kuogopwa. Vita vilikuwepo. Mwaka 1871 huo huo Mirambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Unyanyembe na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Watu wengi wenye silaha wakitokea ghafla bila sauti, maana yake ni moja tu. Mlio wa bunduki juani, mchana, ulikuwa unasema: tupo hapa, hatujifichi, tayarisheni mapokezi. Ilikuwa hodi ya watu mia tatu.

Na baada ya kelele zile likaja jambo ambalo kama muuguzi nalipenda sana. Burton alipofika Kazeh aliachwa siku ya kwanza apumzike na aagane na wapagazi wake. Ndipo siku iliyofuata wafanyabiashara wa pale wakaja kumjulia hali. Wenyeji walijua kwamba mtu aliyetembea miezi minne, amedhoofika kwa homa, hahitaji wageni kumi siku ya kwanza. Anahitaji maji, chakula na usingizi.

Nyumba zenyewe zilisaidia. Tembe la Tabora lilikuwa na kuta nene za udongo, paa la udongo bapa, baraza mbele na ua ndani. Barazani ndiko kwenye maongezi, biashara na kahawa. Ndani ni kwa familia na mgonjwa. Ukitaka kuona, nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe la makumbusho la Livingstone. Yeye na Stanley walifika Kwihara Februari 1872, Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na mzee akabaki kusubiri wapagazi wapya mpaka Agosti. Alikuwa amechoka na mwili wake ulikuwa umeshaharibika kwa maradhi. Alihitaji ile miezi ya utulivu.

Sasa linganisha na tunavyompokea mzazi aliyejifungua. Mama katoka hospitali saa 6 mchana, saa 9 alasiri sebule imejaa. Mashemeji, majirani, wa kikundi cha vikoba, kila mmoja anataka kumbeba mtoto, kumpiga picha, kumfananisha. Mama ana mshono, maziwa hayajakaa sawa, hajalala siku mbili. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi huyo mzazi mpeni hata siku moja.

Ndugu wa mume, naomba mnisikie vizuri: kuomba wageni wasubiri siyo kiburi cha mke wenu. Ni adabu ya zamani ya mji huu.

SEHEMU YA 4: USIKU WA UHA

Sehemu hii ni nzito. Kama una ujauzito na leo moyo wako hauko sawa, iruke, tukutane sehemu ya 5.

Mwanzoni mwa Novemba 1871, siku chache kabla ya kufika Ujiji, msafara wa Stanley ulikuwa Uha. Kila mtawala kwenye njia alidai hongo, yaani ushuru wa kupita kwa vitambaa. Stanley alikuwa ameshatoa vingi, akaambiwa mbele wapo wengine bado. Akaamua kutoroka usiku. Akapata mwenyeji wa kuwaongoza, wakaacha njia kuu, wakapita porini gizani. Amri ilikuwa moja: kimya. Hakuna wimbo, hakuna ngoma, hakuna kirangozi kupaza sauti. Watu walewale waliozoea kutembea kwa kelele zenye mpangilio, sasa pumzi tu ndiyo inasikika.

Njiani mwanamke mmoja aliyekuwa na msafara pamoja na mumewe alianza kupiga mayowe. Stanley mwenyewe ndiye anayesimulia, wala hajifichi. Wakahofia vijiji vitaamka. Mume alitaka ruhusa amuue mkewe pale pale. Stanley akasema alilazimika kutumia kiboko, akamchapa mpaka akanyamaza. Kisha akazibwa mdomo kwa kitambaa na kufungwa mikono, safari ikaendelea.

Nimesoma kisa hiki kama muuguzi. Mwanamke ametembea wiki nyingi, hajalala, hajala vizuri, yuko gizani porini, amezungukwa na watu wenye silaha ambao nao wanaogopa. Tunaona hali kama hiyo mpaka leo: mtu anapatwa na hofu kali, mwili unatetemeka, sauti inatoka yenyewe. Hakuwa mkorofi. Mwili wake ulikuwa umefika mwisho. Anayehitaji hapo ni mtu wa kumshika mkono na kuongea naye polepole karibu na sikio.

Naomba tuone tofauti kati ya "Lala! Lala!" na usiku ule wa Uha. Kile kimya cha kambini kilikuwa cha wote, kwa faida ya wote, kilijulikana kabla, na waliotaka kuongea kidogo hawakupigwa. Kile cha Uha kilikuwa cha mkubwa mmoja kukwepa malipo yake, kiliamuliwa ghafla, na gharama ikaenda kumwangukia aliyekuwa dhaifu kuliko wote.

Na tusisahau wengine. Katika njia hii hii walipitishwa watu waliotekwa, wamefungwa minyororo na mafungo ya shingo, wakiwemo wanawake na watoto. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya kificho iliendelea miaka kadhaa. Watu wale nao walikuwa kimya jioni kambini. Kwa hiyo ukisikia mahali pametulia, usiseme haraka kwamba pana amani. Uliza kwanza nani amelipia utulivu huo.

SEHEMU YA 5: DAWA YA KUMNYAMAZISHA MTOTO

Jana wengi mliandika kwamba mmelia. Leo nawaambia kwa nini nilisimulia.

Yapo mambo tunawafanyia watoto wetu ambayo ni kile kitambaa cha Uha, ila tunakiita dawa. Tuna safari ya basi, Tabora hadi Dar es Salaam, siku nzima na zaidi. Mama anaogopa abiria watamsema mtoto akilia. Rafiki anamshauri: mpe kijiko cha ile dawa ya mafua, au ya mzio, inayoleta usingizi, atalala mpaka mnafika. Wengine wanafanya hivyo hata nyumbani, mtoto wa mwenye nyumba asisumbuliwe.

Mama zangu, MSIFANYE HIVYO. Dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi ni hatari kwa mtoto mdogo, hasa chini ya miaka 2. Zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Mtoto anaonekana kalala vizuri, kumbe pumzi inashuka, na wewe kwenye kiti cha basi gizani huoni. Wengine wanageuka: badala ya kulala wanachangamka na kutetemeka, mama anaongeza kijiko cha pili. Hapo ndipo tunaletewa mtoto usiku wa manane.

Kama umeshampa na unaona analegea, haamki ukimgusa, anapumua polepole sana au midomo inabadilika rangi, nenda kituo cha afya kilicho karibu sasa hivi, na chukua chupa ya dawa uende nayo. Hakuna atakayekula nyama. Tunataka mtoto apone.

Kuna la pili. Mtoto asiyenyamaza usiku anaweza kumfikisha mzazi mahali pabaya. USIMTIKISE mtoto. Ubongo wake ni laini na shingo haina nguvu. Mtikiso wa hasira wa sekunde chache unaweza kumwachia ulemavu au kumuua. Ukihisi mikono inakutetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba, vuta pumzi, mwite jirani au mpigie mtu simu. Akilia dakika 5 peke yake akiwa salama, hatadhurika. Ukirudi umetulia, endelea.

Kulia kwa kichanga siyo kelele za makusudi. Ni baragumu lake, hana lingine. Anasema njaa, joto, mkojo, gesi, nataka kubebwa. Kama analia bila kukoma, hanyonyi, ana homa, au kilio kimebadilika kikawa chembamba na kikali, mlete hospitali.

Na abiria wenzetu, neno moja. Mama mwenye mtoto anayelia ameshajua kwamba analia. Huna haja ya kumgeukia. Mwambie: "Pole mama, lete nikushikie mfuko." Umeshamsaidia kuliko dawa yoyote.

SEHEMU YA 6: TRENI NA LIEMBA

Njia ya misafara haikufa, ilibadilika chuma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi ya kubeba kilo 32 begani ikaisha taratibu, lakini lile swali la kulala na wasafiri wengine likabaki.

Treni ya zamani ya reli ya kati ilikuwa na jibu lake. Kwenye mabehewa ya kulala ya daraja la pili, wanawake wana chumba chao na wanaume chao, isipokuwa familia ikilipia chumba kizima. Vitanda sita, sura sita msizojuana. Yeyote aliyesafiri chumba cha wanawake anajua kinavyoendeshwa bila tangazo lolote ukutani. Mwenye mtoto mchanga anaachiwa kitanda cha chini. Wa juu anashuka mapema. Simu zinapunguzwa. Mtoto akilia saa 8 usiku kuna bibi atasema, "Mlete huku mwanangu, wewe lala kidogo." Chumba hicho nacho ni sehemu ya mapumziko yenye masharti ya nani aingie. Ila watoto wamo ndani yake, na wanaume ndio waliobaki nje!

Mwisho wa reli, Kigoma, kulikuwa na meli. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kwa miaka mingi ilishuka Ziwa Tanganyika mpaka Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi havina gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, hata iwe saa 9 usiku, na mitumbwi inakuja na abiria, samaki, mananasi, wagonjwa, wajawazito. Mwenye tiketi ya chumba cha juu anaamshwa na honi, hana pa kulalamika. Kwa mama aliyeko kijijini anayesubiri gizani kwenda Kigoma kujifungua, honi ile ndiyo sauti nzuri kuliko zote usiku huo.

Kwa hiyo kabla ya kusema "punguza", uliza kelele hii ni ya nini. Honi ya Liemba ina jibu. Sabufa ya jirani saa 7 usiku Jumatano haina.

SEHEMU YA 7: WODINI, MTAANI, NA JIBU LA SWALI LENU

Tumalizie. Mwaka ule ule wa 1859, wakati Burton amerudi Ulaya anaandika mambo ya njia yetu, Florence Nightingale wa Uingereza alitoa kitabu chake kuhusu uuguzi, na akaweka sura nzima juu ya kelele. Hoja yake bado tunaiishi: kelele inayomuumiza mgonjwa zaidi ni ile isiyo na lazima na inayokuja ghafla. Na alikataza sana watu kunong'ona karibu na mgonjwa au nje ya mlango wake, kwa sababu mgonjwa anakaza masikio akidhani anasemwa yeye.

Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza wodi usiku isizidi desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Umeona tulivyo mbali.

Sasa naomba niguse vigelegele. Wodi ya wazazi mtoto akizaliwa, ndugu nje wanalipuka. Ni furaha, na ni haki yenu, ni bunduki za kuingilia mjini. Lakini ndani ya chumba hicho hicho mara nyingi kuna mama ambaye wake hakulia. Amelala ameugeukia ukuta. Anasikia kila kigelegele, na maziwa yanaanza kutoka kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Sisi wauguzi tunaona uso wake, ninyi mlioko nje hamuoni. Ndiyo maana tunawaomba mpunguze. Pigeni vigelegele mkifika nyumbani, mpaka bati litikisike. Wodini toeni shukrani kwa sauti ya chini.

Na mengine ya wodini ni madogo tu:
– Simu weka mtetemo, na ukiongea usiweke sauti ya nje.
– Njooni wawili wawili muda wa kuona wagonjwa, msije kumi.
– Mambo ya deni na ugomvi wa ukoo yaacheni getini.
– Ukitaka kumuuliza daktari au nesi kitu, uliza wazi, usinong'one mlangoni.

Mtaani pia tuna saa zetu. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC ndio wasimamizi. Lakini usianzie huko. Fanya kama kirangozi: taarifa kabla. Mwenye sherehe apite kwa majirani mchana aseme, "Kesho tuna kigodoro, tunazima saa fulani." Mwenye kichanga naye aseme, "Jirani, mwanangu analala saa 2." Wengi wanapiga muziki kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ikishindikana, nenda kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, na mkiwa mama watatu mtasikilizwa haraka kuliko ukiwa mmoja.

Jibu la swali lenu la hoteli na meli, hili hapa. Mimi sioni dhambi mahali pawepo kona ya watu wazima kulala kimya. Hata wanawake wa kambini walitafuta saa yao bila watoto. Naona mambo matatu tu ya kuuliza. Je, sharti limesemwa kabla hujalipa, au unaliona mlangoni na begi mkononi? Je, familia nayo ina mahali pake pazuri, au imesukumwa kando ya jiko? Na je, wenye kona hiyo nao wanashika masharti, au mtoto akicheka ni kosa na mzee akiongea na simu kwa sauti saa nzima ni sawa? Majibu yakiwa mazuri, waache walale. Wewe tafuta hoteli inayowapenda watoto, zipo nyingi. Na siku bibi akikubali kubaki na wajukuu, nenda na wewe ukalale pale.

Usimfundishe mtoto kimya kwa kumtisha, "Mzungu atakuchukua," "nesi atakuchoma sindano." Hiyo ya pili inatuharibia kazi kabisa! Mwambie kuna saa ya kelele na saa ya kulala, mpe ya kelele kweli kweli, nje, juani, apige kopo mpaka achoke. Ikifika saa ya pili atakuelewa.

Wiki ijayo tutaongelea mtoto anayekoroma usiku, lini ni kawaida na lini umlete tumuone. Kama mwanao anakoroma, andika umri wake hapo chini na kama analala mdomo wazi, nitaanza na hao. Na kama unamjua mtu ana safari ndefu na mtoto mdogo mwezi huu, mtumie sehemu ya 5 kabla hajapanda basi.

Usiku mwema. Lala, lala.